Tetesi za kununuliwa kwa kampuni ya dhahabu: tuuze hisa zetu au tungoje ofa ya pili?

Swali limetoka kwa mwalimu wa sekondari mjini Mbale, Uganda, ambaye pia ni mweka hazina wa kikundi cha uwekezaji cha walimu wenzake. Kikundi hicho kilinunua, kwa programu ya simu ya dalali wa nje, hisa za kampuni ndogo ya dhahabu iliyoorodheshwa katika soko la hisa la London na yenye leseni katika ukanda wa Ziwa Victoria. Majuma machache yaliyopita zilienea tetesi kwamba kampuni kubwa inataka kuinunua, na bei ya hisa ikapanda kwa zaidi ya theluthi moja. Baadaye kampuni ikatangaza kwamba ni kweli imepokea pendekezo la awali, lakini bodi imelikataa kwa kuwa bei ni ndogo mno. Mwenyekiti wa kikundi anataka wachukue fedha za mfuko wa dharura waongeze hisa, kwa hoja kwamba ofa ya pili lazima iizidi ya kwanza. Mwalimu anataka kuuza. Anauliza nani kati yao ana haki, kwa nini mnunuzi mwenye fedha nyingi aanze na bei ya chini, na kama serikali inaweza kuuvunja mpango ambao wenye hisa wameshaukubali.

Mwalimu, nitoe uamuzi wangu kwanza, kisha nieleze sababu zake. Msiongeze hata hisa moja. Uzeni kiasi kitakachorudisha mtaji wote ambao wanachama walichanga, na kama mna hamu ya kungoja, ngojeni kwa hisa zinazobaki, yaani kwa faida peke yake. Mwenyekiti wako hajakosea kusema kwamba ofa ya kwanza mara nyingi hupandishwa, lakini anaitazama bei tu, ilhali mambo ya namna hii huamuliwa na daftari la wenye hisa: nani ameshika kiasi gani, anataka nini, na anaweza kumzuia nani. Mtu asiyelijua daftari hilo hana msingi wa kukisia ofa ya pili, hata akisoma kila kinachoandikwa kwenye makundi ya WhatsApp.

Mfano ulio karibu nasi zaidi ni wa Nyanzaga, mradi wa dhahabu ulioko Sengerema, mkoani Mwanza, ng'ambo ya pili ya ziwa letu. Mradi ulikuwa wa OreCorp, kampuni ya Australia, ambayo ilikuwa na asilimia 84, huku serikali ya Tanzania ikiwa na asilimia 16. Mwezi Agosti 2023, Silvercorp ya Kanada ilikubaliana na bodi ya OreCorp kuinunua kwa mchanganyiko wa fedha taslimu na hisa za Silvercorp yenyewe, na siku ya kutangazwa thamani ya mchanganyiko huo ilikuwa kama senti 60 za dola ya Australia kwa kila hisa. Bodi ilipendekeza, karatasi zikaandaliwa, na mtu wa nje angeweza kudhani kwamba kilichobaki ni taratibu tu. Hapo ndipo Perseus, kampuni nyingine ya Australia yenye migodi Afrika Magharibi, ilipoingia sokoni kimyakimya ikanunua hisa za OreCorp hadi kufikia asilimia 19.9.

Namba hiyo haikuchaguliwa ovyo. Sheria ya Australia humzuia mtu kuvuka asilimia 20 ya kampuni iliyoorodheshwa bila kutoa ofa kwa wenye hisa wote, isipokuwa kwa njia chache zilizoruhusiwa, kwa hiyo asilimia 19.9 ndiyo kilele anachoweza kukifikia mtu asiyetaka kutoa ofa kwa wote. Wakati huohuo, mpango wa Silvercorp ulihitaji kupitishwa na asilimia 75 ya kura zitakazopigwa katika mkutano wa wenye hisa. Katika mikutano ya aina hii si kila mwenye hisa hupiga kura. Wakijitokeza wenye asilimia 70 ya hisa zote, mtu mwenye 19.9 anakuwa na zaidi ya robo ya kura zilizomo ukumbini, na peke yake anatosha kuuangusha mpango. Perseus haikuwa imetoa ofa yoyote wakati huo. Ilikuwa imenunua haki ya kusema hapana.

Silvercorp ilibadilisha njia, ikaacha mkutano na kuomba kila mwenye hisa auze kwa hiari yake. Januari 2024 Perseus ikatoa ofa yake, senti 55 za Australia, zote fedha taslimu, kisha ikaipandisha hadi senti 57.5. Silvercorp ikaiacha ofa yake ife, na kabla ya mwaka kufika nusu OreCorp ilikuwa mikononi mwa Perseus. Naomba uwaonyeshe wanachama wako hesabu hiyo, Mwalimu, kwa sababu inajibu hoja ya mwenyekiti moja kwa moja: mnunuzi wa pili alikuja kweli, ushindani ulikuwapo kweli, na bei ya mwisho ikawa chini ya ile iliyotangazwa mwanzoni. Ofa ya kwanza ilikuwa na sehemu ya hisa, kwa hiyo thamani yake ilipanda na kushuka kila siku pamoja na soko la Kanada. Ya pili ilikuwa fedha mkononi, na mwenye ofa hiyo alikuwa tayari amefunga mlango kwa wengine.

Basi la kwanza la kufanya ni kulitafuta daftari hilo. Kwa bahati nzuri kanuni za Uingereza zinawasaidia. Kampuni inapokuwa katika kipindi cha ofa, kama yenu sasa, kila mwenye asilimia 1 au zaidi ya hisa zake anatakiwa kutangaza alichonacho na kila anachonunua au kuuza, na matangazo hayo huwekwa wazi kupitia huduma ya habari ya soko la hisa la London bila malipo. Kaeni jioni moja, andikeni orodha ya majina kumi ya kwanza na asilimia zao. Angalieni kama kuna familia au mwanzilishi mwenye robo ya kampuni, kama kuna mfuko uliowahi kuuza kampuni nyingine kwa bei ya haraka, na hasa kama kuna kampuni ya madini iliyoanza kununua majuma haya. Mkimkuta wa aina hiyo, mna sababu halisi ya kungoja ofa ya pili, ingawa mfano wa Nyanzaga unaonya kwamba huenda isiwe nono. Mkikuta hisa zimetawanyika kwa mifuko midogo, na hakuna kampuni ya madini hata moja, ofa ya pili inabaki kuwa matumaini tu.

Kuna daftari la aina moja ambalo hubadilisha mchezo wote, nalo ni lile lenye mwenye hisa mkubwa kupita wote. Acacia, ambayo ilikuwa na migodi ya Bulyanhulu, Buzwagi na North Mara nchini Tanzania, ilikuwa ikimilikiwa na Barrick kwa asilimia 63.9. Machi 2017 serikali ya Tanzania ilizuia usafirishaji wa makinikia, yaani mchanga wenye madini, nje ya nchi, na Julai mwaka huo Acacia ikadaiwa kodi, riba na adhabu zilizofika dola bilioni 190 za Marekani. Bei ya hisa ikaporomoka. Mei 2019 Barrick ilipendekeza kuwanunua wenye hisa waliobaki kwa 0.153 ya hisa ya Barrick kwa kila hisa ya Acacia, na wengi waliona kwamba mwenye nguvu amengoja hadi mwenzake ameishiwa pumzi. Hakuna mnunuzi mwingine ambaye angeweza kujitokeza, kwa kuwa hakuna awezaye kuinunua kampuni ambayo theluthi mbili zake, karibu, ziko kwa mtu asiyeuza.

Hata hivyo wenye hisa wadogo walikuwa na silaha moja. Katika mpango wa ununuzi unaopigiwa kura kisha kuidhinishwa na mahakama, Barrick haikuruhusiwa kupiga kura kwa hisa zake yenyewe, na robo ya kura za hao waliobaki ingetosha kuukwamisha. Bodi ya Acacia iliajiri wataalamu wa nje kupima migodi, ikapinga hesabu za Barrick hadharani, na tarehe ya mwisho ikasogezwa zaidi ya mara moja. Julai 2019 ofa ikapanda hadi 0.168, pamoja na ahadi ya gawio maalumu kutokana na leseni za utafutaji endapo zingeuzwa, na mwezi Septemba ununuzi ukakamilika. Ongezeko hilo ni kama asilimia 10. Wale walioshikilia hadi mwisho walipata kitu, lakini hicho ndicho kipimo cha haki cha kile ambacho bodi yenye msimamo inaweza kukipata pasipo mshindani: asilimia 10, pengine 15, wala si maradufu kama wanavyoandika vijana kwenye makundi.

Sasa swali lako la pili, la bei ya chini. Mnunuzi mwenye akili hafungui kwa bei ya mwisho iliyo mfukoni mwake, kama vile mfanyabiashara wa ng'ombe asivyofungua hivyo mnadani. Lakini katika kampuni za dhahabu kuna sababu nyingine zaidi ya tabia hiyo ya soko.

Moja ni kwamba mnunuzi hatazami bei ya hisa kwanza. Anatazama wakia (kipimo cha uzito wa dhahabu) zilizoko ardhini, gharama ya kuzitoa, mtaji wa kujenga mgodi, na bei ya dhahabu anayothubutu kuitumia katika hesabu zake za miaka kumi ijayo. Dhahabu ilivuka dola 4,000 kwa wakia Oktoba 2025, lakini usidhani kwamba kampuni kubwa hupiga hesabu za mgodi mpya kwa bei hiyo. Hutumia bei ya chini sana, kwa sababu mgodi hujengwa kwa miaka na bei inaweza kugeuka kabla ya tofali la kwanza la dhahabu kumiminwa. Kwa hiyo pengo kati ya bei inayotolewa na ile ambayo wenye hisa wanaiota ni kubwa hasa wakati dhahabu inapopanda, na bodi inaposema kwamba ofa ni ndogo mno, pande zote mbili zinaweza kuwa zinasema kweli kwa mujibu wa hesabu zao.

Ya pili ni kwamba kukataa ni sehemu ya mazungumzo. Mwaka 2023 Newmont ya Marekani ilipoitaka Newcrest ya Australia, ilianza na 0.363 ya hisa yake kwa kila hisa ya Newcrest, ikakataliwa. Ikasogea hadi 0.380, ikakataliwa tena. Ndipo ikafika 0.400 pamoja na gawio maalumu la hadi dola 1.10 kwa kila hisa, na mpango ukapita. Kampuni ndogo zaidi, iliyo karibu na nyumbani kwenu, ilifuata njia inayofanana. Shanta Gold, ambayo mbali na migodi yake ya Tanzania ilikuwa na mradi wa utafutaji upande wa Kakamega, mwendo mfupi tu kutoka mpaka wa Busia, ilipata ofa ya peni 13.5 kwa hisa mwishoni mwa 2023, na ofa hiyo ikapandishwa hadi peni 14.85 mwanzoni mwa 2024. Tena ni asilimia 10. Sisemi kwamba namba hii ni kanuni, ila inajirudia kiasi cha kutosha kumtuliza mtu anayetaka kuweka fedha za dharura.

Ya tatu haisemwi mara nyingi, nayo ni hofu ya mnunuzi kwa wenye hisa wake mwenyewe. Mei 2022 Gold Fields ya Afrika Kusini ilitangaza kuinunua Yamana ya Kanada kwa hisa zenye thamani ya dola bilioni 6.7. Siku hiyohiyo hisa za Gold Fields zilianguka kwa zaidi ya asilimia 20, kwa kuwa wenye nazo waliona kwamba wanaambiwa walipe kupita kiasi. Na kwa vile malipo yenyewe yalikuwa hisa hizohizo, ofa nayo ikapungua thamani pamoja nazo. Novemba mwaka huo Pan American Silver na Agnico Eagle zikaja pamoja na ofa ya dola bilioni 4.8 yenye sehemu ya fedha taslimu, bodi ya Yamana ikawafuata, na Gold Fields ikaondoka na ada ya dola milioni 300 ya kuvunjika kwa mkataba. Tangu hapo wakurugenzi wa kampuni za dhahabu wamekuwa waoga wa kutoa nyongeza kubwa juu ya bei ya soko, na mimi nawaona wana haki. Pendekezo mlilosikia likiwa la hisa kwa hisa, msiiangalie kampuni yenu peke yake. Fuatilieni kila siku bei ya hisa za mnunuzi pia, maana ndizo mtakazolipwa.

Wakati mwingine ofa haikukusudiwa kununua. Tarehe 25 Februari 2019 Barrick ilitoa ofa ya dola bilioni 17.8 kwa Newmont, kwa bei iliyokuwa chini ya bei ya soko ya siku hiyo. Hakuna mwenye hisa ambaye angekubali kuuza kwa hasara namna hiyo. Lakini majuma mawili baadaye, tarehe 11 Machi, kampuni hizo mbili zilitia saini ubia wa kuunganisha migodi yao ya Nevada, Barrick ikichukua asilimia 61.5 na usimamizi, jambo ambalo walikuwa wamelizungumzia kwa miaka bila kuafikiana. Mkiona ofa isiyo na maana kwa bei yake, jiulizeni ni kitu gani kingine ambacho mwenye ofa anakitafuta: pengine leseni ya jirani, pengine kiwanda cha kuchenjua mawe yenye dhahabu, pengine kiti kwenye bodi.

Hii inanileta kwa mtu ambaye kwa kawaida ndiye mnunuzi wa mwisho, yaani mbia au jirani. Kampuni ambayo tayari inamiliki nusu ya mgodi inaujua kila mwamba wake na haina haja ya kulipia utafiti. Mwaka 2025 Gold Fields, baada ya yale ya Yamana, iliinunua Gold Road, mbia wake wa nusu kwa nusu katika mgodi wa Gruyere huko Australia. Ofa ya kwanza ya dola 3.05 za Australia ilikataliwa mwezi Machi, na mwezi Mei wakaafikiana kwa dola 3.40. Nasi Uganda tumeliona jambo lilelile, ingawa kwa mafuta. Heritage ilipotaka kuuza sehemu yake ya vitalu vya Ziwa Albert mwaka 2009, iliafikiana na Eni ya Italia. Lakini mbia wake Tullow alikuwa na haki ya kwanza ya kununua kwa masharti yaleyale, akaitumia, na Eni ikaachwa nje. Angalieni basi katika ripoti ya mwaka ya kampuni yenu kama kuna mbia kwenye leseni kuu na kama ana haki ya namna hiyo. Ikiwapo, wanunuzi wengine watasita kutumia fedha zao kumtafutia mbia bei.

Sasa tufanye hesabu ambayo kila mweka hazina anaiweza kwa kalamu. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba kabla ya tetesi hisa iliuzwa peni 10, ofa inayotajwa ni peni 15, na leo soko linauza kwa peni 13.5. Mpango ukikamilika mtapata peni 1.5 zaidi. Ukivunjika na hisa kurudi ilikotoka, mtapoteza peni 3.5. Soko, kwa bei ya leo, linasema kwamba uwezekano wa mpango kukamilika ni kama asilimia 70, kwa sababu hisa imeshatembea peni 3.5 kati ya peni 5 za safari nzima. Anayeamini kwamba uwezekano halisi ni mkubwa kuliko huo ana sababu ya kushika. Anayeamini kwamba ni mdogo auze. Anayenunua zaidi leo anahatarisha peni 3.5 ili apate 1.5, na anapaswa kuwa na habari ambazo soko zima halina.

Hesabu hiyo inahitaji marekebisho mamoja. Hisa isingebaki peni 10 kama dhahabu imepanda wakati huohuo. Chukueni kampuni tatu au nne za dhahabu za ukubwa unaofanana ambazo hazina tetesi, mwone zimepanda kwa kiasi gani tangu siku ile. Zikiwa zimepanda kwa asilimia 15, basi hisa yenu bila tetesi ingekuwa kwenye peni 11.5, hasara ya mpango kuvunjika inashuka hadi peni 2, na uwezekano ambao soko linauona ni kama asilimia 57, si 70. Picha imebadilika. Ndiyo maana nasisitiza kwamba hesabu ifanywe upya kila wiki badala ya kubishana kwa hisia katika mkutano wa kikundi. Na bei ya soko ikiwa juu ya ofa yenyewe, ujue kwamba wengine wameshalipia ofa ya pili kabla haijazaliwa. Hapo kuuza ni rahisi zaidi kuliko wakati wowote.

Kuhusu muda, kanuni za ununuzi wa kampuni za Uingereza humpa mnunuzi aliyetajwa hadharani siku 28 za kutoa ofa kamili au kujiondoa, na siku hizo huongezwa kwa ridhaa ya bodi ya kampuni inayowindwa. Akijiondoa, kwa kawaida haruhusiwi kurudi kwa miezi sita. Endeavour iliitaka Centamin, yenye mgodi wa Sukari nchini Misri, mwezi Desemba 2019. Bodi ilikataa, muda ukasogezwa hadi katikati ya Januari 2020, na Endeavour ikaondoka. Aliyenunua hisa za Centamin kwa tetesi zile alingoja hadi 2024 ndipo AngloGold Ashanti, wenye mgodi wa Geita, walipoinunua kampuni hiyo kwa takriban dola bilioni 2.5. Wataalamu wa mifuko mikubwa wanaweza kungoja karibu miaka mitano. Walimu wenye karo za watoto wao kila mwanzo wa muhula hawawezi, na hapa sitaki kuzungukazunguka: mfuko wa dharura wa kikundi chenu umewekwa kwa ajili ya ugonjwa, msiba na karo, na hakuna ofa ya dhahabu inayoistahili fedha hiyo.

Sikilizeni pia maneno ya mnunuzi kwa makini. Akitangaza chini ya kanuni hizo kwamba ofa yake ni ya mwisho na haitapandishwa, maneno hayo yanamfunga; hawezi kuamka kesho akaongeza, isipokuwa alijiwekea mlango, kwa mfano endapo atatokea mshindani. Neno la mwisho katika tangazo rasmi halina uzito sawa na neno la mwisho katika gazeti. Mkiliona kwenye tangazo, bila mlango wowote, basi hoja ya mwenyekiti imekwisha hapohapo.

Nimefika kwa serikali. Ndiyo, inaweza kuuvunja mpango, au kuuchelewesha hadi mnunuzi achoke, na mara nyingi bila kusema hapana. Mgodi wenyewe haubadilishi jina inapouzwa kampuni mama iliyoorodheshwa London, lakini leseni za madini katika nchi zetu huambatana na sharti la idhini pale umiliki unapohama, hata kama uhamisho umefanyika ng'ambo. Tanzania huchukua asilimia 16 za hisa za mradi bila kuzilipia, na ununuzi wa OreCorp ulihitaji pia ridhaa ya tume ya ushindani ya nchi hiyo. Kenya huchukua asilimia 10 kwa sheria yake ya 2016. Kwetu, Sheria ya Uchimbaji na Madini ya 2022 inairuhusu serikali kushika hadi asilimia 15 bila kulipia katika miradi mikubwa na ya kati. Sehemu hiyo mnunuzi huikata katika hesabu yake tangu mwanzo, kwa hiyo msizidishe wakia zote za mradi kwa bei ya dhahabu mkadhani ndiyo thamani yenu.

Kodi ndiyo inayowashangaza wageni. Heritage ilipouza kwa Tullow mwaka 2010 kwa dola bilioni 1.45, Mamlaka ya Mapato ya Uganda, URA, ilidai zaidi ya dola milioni 400 kwa faida ya mauzo hayo. Heritage ilikataa, shauri likafika hadi kwa wasuluhishi London, na Uganda ikashinda. Sheria yetu ya kodi ya mapato leo inahesabu pia mauzo ya huko juu, yaani ya kampuni mama iliyoko nje: umiliki wa kampuni yenye mali hapa ukibadilika kwa nusu au zaidi, kodi inaweza kudaiwa kana kwamba mali yenyewe imeuzwa. Mimi naunga mkono msimamo huo kwa moyo wote, kwa sababu dhahabu iko ardhini kwetu hata kama hisa zinauzwa mbali. Ila kwa mwenye hisa ndogo maana yake ni kwamba mnunuzi hutenga fungu la kodi hiyo, au huweka sharti kwamba mpango haukamiliki hadi barua ya serikali ipatikane. Someni orodha ya masharti ya ofa; likiwamo sharti la serikali lisilo na tarehe, punguzeni uwezekano katika hesabu yenu kwa kiasi cha kuonekana.

Tena serikali inaweza kumchagua mnunuzi bila kupiga kura. Mwaka 2019 serikali ya Tanzania iliieleza Barrick kwamba haikuwa tayari kutia saini makubaliano ambayo Acacia ni upande mmojawapo. Baada ya hapo kila mwenye hisa wa Acacia alijua kwamba kampuni ikibaki peke yake inabaki na mgogoro wake. Kampuni yenu ikiwa na mvutano na serikali, iwe juu ya mrabaha, fidia ya wanakijiji au leseni inayokaribia kuisha, bodi yake haina nguvu ya kukataa ofa kwa muda mrefu, hata iseme nini katika matangazo.

Limebaki jambo la kiutendaji ambalo vikundi vingi vya kwetu havilifahamu hadi siku imepita. Hisa zenu hazimo kwenye daftari kwa jina la kikundi. Zimo kwa jina la mtunzaji anayetumiwa na dalali wa programu hiyo. Ofa ikifika, karatasi zinakwenda kwake, naye huwapa wateja tarehe ya kujibu iliyo siku kadhaa kabla ya tarehe rasmi, na programu nyingine hazitoi nafasi ya kupiga kura kabisa. Mnunuzi akifikisha asilimia 90 ya hisa alizoziombea, anaweza kuwalazimisha waliobaki wauze kwa bei ileile. Akikomea katikati, mnaweza kubaki wenye hisa wachache katika kampuni iliyoondolewa sokoni, bila pa kuuzia. Kwa hiyo mwandikie dalali wiki hii, kwa barua pepe na si kwa simu, umuulize kama mtaweza kukubali ofa na kupiga kura kupitia kwake, anawapa siku ngapi kabla ya tarehe rasmi, na mtalipwaje ikiwa malipo ni hisa za kampuni ambayo programu yake haiiuzi. Asipojibu kabla ya zile siku 28 kwisha, uzeni zote.